Jinsi ya kuishi maisha ya kumcha Mungu kuanzia chini: mwongozo kamili kwa aliyeokoka juzi na kwa aliyerudi nyuma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeamua hii niiandike kwa urefu kabisa maana swali la nianzie wapi kumcha Mungu ili nisirudi nyuma halikomi kuulizwa. Mtu ameokoka, au amerudi kanisani baada ya miaka, wiki za kwanza ni moto kwelikweli, anafuta namba za michepuko kwenye simu, bia kaacha, saa kumi usiku kaamka anaomba mpaka majirani wanajua, halafu mwezi wa pili ukimtafuta simu haipokelewi na jumuiya haonekani tena. Wengine wanasema huyo alikuwa anaigiza. Mi sikubali. Wengi wako siriasi kabisa ila wameanzia juu, wamepewa orodha ya usivae hiki usiende kule usile na fulani, wakaibeba kwa nguvu zao wenyewe, na nguvu zikaisha.

Petro aliweka mpangilio mzuri sana, 2 Petro 1:5-7, na mwongozo wote huu nimeupanga kwa kuufuata: "katika imani yenu tieni na wema, na katika wema wenu maarifa, na katika maarifa yenu kiasi, na katika kiasi chenu saburi, na katika saburi yenu utauwa, na katika utauwa wenu upendano wa ndugu, na katika upendano wa ndugu, upendo." Sasa hebu angalia, imani haimo kwenye vitu vya kuongezwa, yenyewe imeshakaa chini tayari na vingine vyote vinatiwa ndani yake. Na utauwa, yaani hayo maisha ya kumcha Mungu tunayoyatafuta, uko wa sita ukihesabu na imani! Sisi tunataka turukie wa sita moja kwa moja, kama mtu anayemuita fundi rangi kwenye kiwanja ambacho hata msingi haujachimbwa.

Hatua ya kwanza: jua unamwamini nani

Inaonekana rahisi lakini kaa nayo. Muulize mtu anayejiita mpendwa, imani yako iko kwa nani, atakwambia kwa Yesu. Haya, mtumishi akihama kanisa, je? Akikamatwa kwa kashfa? Kama imani inahama naye basi ilikuwa kwa mtumishi. Wengine imani yao iko kwenye chupa ya mafuta na kitambaa alichonunua ibadani, kitambaa kikipotea anaona kinga imeondoka. Wengine ndo wanaamini kuamini kwao, yaani anajikaza, anakiri gari anakiri nyumba, akikosa anaambiwa imani yako ndogo. Hiyo inachosha watu vibaya sana.

Warumi 10:17 inasema chanzo cha imani ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo. Kwa hiyo huikamui imani kutoka kifuani kwako, unaipata kwa kumsikiliza yeye mpaka umwamini, kama vile unavyomwamini mtu baada ya kukaa naye na kuona anachosema na anachofanya ni kimoja. Fanya hivi: chukua Injili ya Marko, ina sura 16 tu, soma sura moja kwa siku, ukimaliza rudia mara ya pili. Usitafute ujumbe wa siku wala andiko la kuweka status. Wewe muangalie Yesu tu, anaongeaje na wenye ukoma, anawajibuje wakubwa, anawafanyia nini wanafunzi wake wakikosea, halafu msalaba na kaburi tupu. Mwisho wa mzunguko wa pili mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba unamwamini alikufa kwa ajili ya dhambi zako akafufuka, na kwamba kuanzia leo yeye ndo Bwana wako. Haihitaji maneno makubwa wala sauti ya kukwaruza.

Kitu kimoja hapa watu wanateleza. Waefeso 2:8-9 wengi tunazijua kwa kichwa, mmeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Wanaishia hapo. Mstari wa 10 unaendelea kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema mi nimeokoka kwa neema mambo ya maisha yangu yasikuhusu, huyo alifunga Biblia mstari mmoja mapema.

Hatua ya pili: toba inayofika mpaka kwenye mfuko

Toba haimo kwenye orodha ya Petro, nimeiongeza mimi, na hapa ntakaa sana maana ndo panaporukwa kuliko pote siku hizi. Tunatubu kwa kulia madhabahuni, tunafuta machozi, tunarudi nyumbani na redio ya watu.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Mwaka 1929 pale Kampala, Dakta Joe Church, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda na roho yake imechoka kabisa, alikutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa na Biblia na maombi. Kilichofuata Gahini na Uganda miaka ya 1930 ndo tunaita Uamsho wa Afrika Mashariki, ukaingia Burundi, ukaingia Kenya, ukaingia kwetu Tanzania kupitia upande wa Bukoba. Bibi zetu kule Kagera wimbo wa Tukutendereza Yesu waliuimba kwa Kiganda hicho hicho na unaimbwa mpaka leo. Lakini kilichowashtua majirani haukuwa wimbo. Ni kwamba watu walianza kurudisha vitu! Mtu anakuja na alichokiiba kazini miaka mingi nyuma, mwingine anamwendea adui yake wa ukoo kuomba msamaha mchana kweupe. Hawa ndo waliitwa Balokole, waliookolewa, na waliita maisha yao kutembea nuruni, yaani hakuna cha kuficha.

Na haikuwa kitu kipya, Zakayo kwenye Luka 19:8 alifanya hivyo hivyo siku ile ile aliyokaribishwa, nusu ya mali kwa maskini na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Yesu hakumpa masharti ndo amtembelee. Alimtembelea kwanza, mfuko ukafunguka wenyewe.

Sasa unafanyaje. Chukua karatasi ya kawaida, sio simu, na kaa peke yako. Andika watu, sio dhambi. Nani nilimdhulumu, nani ananidai nikajifanya nimesahau, nani nilimchafulia jina. Majina mengine yatakuja haraka na mengine utajaribu kuyaruka, hayo unayoyaruka ndo ya kuanza nayo. Mbele ya kila jina weka unachoweza kurudisha, kama ni hela weka kiasi, kama hukumbuki kadiria na kadirio liwe la kukuumiza wewe kuliko la kumuumiza yeye. Halafu nenda mwenyewe. Ujumbe wa simu ni kwa waliohama tu.

Tuseme uliwahi kuwa muuzaji kwenye duka la mama mmoja na ulikuwa unachomoa hela kwenye droo. Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umepotea kweli wewe."

"Nipo mama. Nimekuja kwa jambo moja naomba unisikilize mpaka mwisho. Kipindi nauza hapa nilikuwa nachukua hela za mauzo bila wewe kujua. Zote sizikumbuki ila kwa hesabu yangu hazipungui laki mbili. Nimekuja na elfu hamsini leo, na kila mwisho wa mwezi ntaleta elfu hamsini mpaka ziishe. Naomba unisamehe mama."

Umeona hakuna "shetani alinipitia" hapo, wala "unajua na wewe mshahara ulikuwa mdogo." Ukishaanza kuelezea kwa nini, toba imegeuka kesi. Na jiandae, anaweza akalia, anaweza akakufukuza, anaweza akawatangazia mtaa mzima, na anaweza akasema nimekusamehe zote usilete tena. Yote ni haki yake. Wewe kazi yako ilikuwa kufika.

Ila kuna tahadhari na hii naisema kwa msisitizo maana nimeona watu wakibomoa nyumba kwa jina la toba. Mambo ya uzinzi, mtoto wa nje, au kosa ambalo ni jinai, usikurupuke kwenda kulitoa sebuleni kwa watu kwa sababu ya mahubiri ya Jumapili moja. Nenda kwa mchungaji au paroko unayemwamini kwanza, mtu mzima mwenye kufunga mdomo, mpange namna ya kulisema bila kumuumiza asiyehusika. Na wewe uliyefanyiwa ukatili, toba hii haikuhusu kwa hilo. Kusamehe ni kitu kimoja na kurudi kuishi na anayekupiga ni kitu kingine, usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili kwa kutumia maandiko.

Hatua ya tatu: wema, na hapa naongelea kazini kwako

Watu walimwuliza Yohana Mbatizaji, Luka 3:10-14, sasa tufanye nini. Mzee hakuwaambia wahamie jangwani wakale nzige pamoja naye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mishahara yao. Yaani kila mtu alirudishwa kwenye kazi yake ile ile na jambo moja la kubadilisha. Fikiria huyo Yohana angesimama kwenye kituo cha daladala leo.

Kwa hiyo tafuta jambo lako moja. Kama una duka au bucha, anza na mizani. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, neno chukizo lile lile ambalo sisi tunapenda kulitumia kwa dhambi za wengine. Jumatatu asubuhi kabla mteja hajaja, toa kila kitu kwenye sahani, geuza uangalie chini kama kuna kilichobandikwa, angalia mshale umesimama sifuri kweli au umezoea kusimama mbele kidogo. Halafu chukua pakti ya sukari ya kilo moja ya kiwandani haijafunguliwa, weka. Ikisoma kilo moja na robo, unajua wateja wako wamekuwa wanakosa nini. Wakala wa Vipimo wanapita na kubandika stika yao lakini wewe na mizani yako mnalala pamoja kila siku, huhitaji kusubiri wao. Na wapime vijana wako wa dukani pia, maana bosi anaweza kuwa ameokoka na dole gumba la muuzaji bado halijaokoka.

Fundi cherehani jambo lako ni neno lako, ukisema Ijumaa iwe Ijumaa, kama huwezi sema Jumatano ijayo mteja akanune mapema. Wa ofisini ni ile chai ya kupitisha faili, na posho za safari ambayo hukwenda. Mwalimu ni vipindi unavyosaini hukuingia. Bodaboda unajua mwenyewe, mgeni akishuka stendi bei inapanda mara tatu.

Utapata hasara kidogo. Hilo nakwambia wazi kabisa maana kuna mahubiri yanasema ukiwa mwaminifu mauzo yatapanda mwezi huo huo, na yakishuka mtu anaona Mungu kamgeuka. Kuna waliolipa bei kubwa kuliko mauzo. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kwenye uamsho huo huo na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, alisimama na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu wa askari wake, na Februari 1977 akauawa. Alikuwa na nafasi ya kukaa kimya kama wengi tu.

Hatua ya nne: maarifa

Biblia isomwe kwa mpango. Ukisema ntaanza Mwanzo mpaka Ufunuo, Mwanzo utafurahia, Kutoka utakwenda vizuri mpaka kwenye vipimo vya hema, na Walawi utaishia hapo. Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeanza: Marko (umeshaisoma), Yohana, Matendo ya Mitume, Warumi, halafu rudi Mwanzo na Kutoka, halafu Waebrania utaielewa maana sasa unajua makuhani na sadaka ni nini. Pembeni soma sura moja ya Mithali kila siku kwa kufuata tarehe, ziko 31, kama leo ni tarehe 9 unasoma sura ya 9, ukikosa siku usirudi nyuma kulipa, endelea na tarehe ya leo.

Kiswahili cha Union Version, ile iliyotoka 1952, ni kitamu na ndo wengi tumekariri, ila kikikuzidi chukua Habari Njema ni lugha ya kila siku, hakuna dhambi. Ukisomea kwenye simu zima data kwanza! Vinginevyo utakuwa kwenye Zaburi ya 23 na notifikesheni ya kikundi cha harusi inaingia, unajikuta unachangia kamati saa kumi na moja alfajiri.

Kuwa na daftari. Andika mstari mmoja uliokugusa na kitu kimoja utakachofanya leo kwa sababu yake. Kitu cha kufanya, sio hisia. "Mungu ni mwema" sio kitu cha kufanya, "kumpigia kaka niliyemnunia" ndo kitu cha kufanya.

Na maarifa haya ndo kinga yako. Matendo 17:11 watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, halafu wakaenda kuchunguza maandiko kila siku kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, watoto wadogo wakiwemo. Hawakuwa wajinga wale, walikuwemo wasomi na wenye kazi zao. Kwa hiyo mahali popote ambapo ukiuliza swali unaambiwa una roho ya uasi, unaambiwa uache dawa zako, uwatenge ndugu zako, uuze kiwanja ulete hela, toka. Usiage.

Hatua ya tano: kiasi

Kiasi, yaani kujizuia, kwa Mkristo wa leo ni simu, hela, tumbo na mwili, kwa mpangilio huo huo nafikiri.

Simu ilale nje ya chumba cha kulala. Kama ndo alamu yako nunua saa ya mezani, bei yake haifiki bando la mwezi. Picha chafu nyingi zinaangaliwa usiku wa manane mtu akiwa kitandani peke yake na sio mchana sebuleni, kwa hiyo hapo umeshapunguza vita nusu bila hata kukemea.

Hela, kaa na karatasi siku mshahara ukiingia au kila jioni kama unauza. Toa sadaka yako kwanza, halafu madeni, halafu akiba hata kama ni ya kikoba cha elfu tano, kinachobaki ndo ule. Zaburi 37:21 inasema asiye haki hukopa wala halipi. Mikopo ya kwenye simu nakusihi iogope, unakopa huku kulipa kule, na mwisho wanawapigia mpaka wakwe zako. Kama umeshaingia usikope mpya kulipa ya zamani, orodhesha yote, anza na ndogo kabisa uiue, halafu inayofuata, na waambie wadai wengine ukweli wa tarehe. Na usichangie ujenzi wa kanisa laki tano kwa ahadi ya hadharani wakati unadaiwa ada ya mtoto, unajua kabisa ulisimama kwa sababu jirani alisimama.

Kufunga ni kuzuri na Yesu alisema "mfungapo", akichukulia kwamba tutafunga. Anza mlo mmoja, mfano ruka chakula cha mchana Ijumaa na muda huo uombe, ukizoea ndo usogeze mpaka jioni. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za TB au ARV, usifunge chakula bila kuongea na daktari, funga kitu kingine, mitandao kwa mfano, na dawa usiache hata siku moja.

Hatua ya sita: saburi, na siku ya mganga

Saburi haifundishwi, unaipata ukiwa ndani ya shida, kwa hiyo nitaongelea shida moja tu ambayo kwetu inawaangusha wengi kuliko pombe.

Mtoto anaumwa, hospitali vipimo havionyeshi kitu, wiki ya tatu sasa. Baba mkubwa anaitisha kikao cha familia. Anasema hii sio ya hospitali, kuna mtaalamu ametajwa, kila mtu achange elfu thelathini. Wote wanakuangalia wewe. Ukikataa na mtoto akizidiwa utalaumiwa wewe mpaka kaburini.

Amua jibu lako kabla kikao hakijaitishwa, maana siku hiyo akili haitakuwepo. Na jibu liwe na heshima, usimkemee baba mkubwa mapepo mbele ya watoto wake! Sema: "Baba mkubwa, nashukuru umetuita, najua unampenda mjukuu wako. Kule mimi sitakwenda wala kuchangia, nimeshamkabidhi Yesu huyu mtoto. Lakini hiyo elfu thelathini yangu naitoa sasa hivi iwe nauli ya kumpeleka hospitali ya rufaa, na mimi nitalala naye." Halafu kweli ulale naye. Imani inayokataa mganga na inakataa pia kutoa nauli ya hospitali, hiyo Yakobo alishaisemea, imekufa nafsini mwake.

Hatua ya saba: utauwa wenyewe

Ukifika hapa utashangaa kumcha Mungu kumeshaanza bila wewe kutangaza. Kilichobaki ni kukupa ratiba. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha wazi, na sheria ya mfalme ilipotoka akaendelea kama alivyokuwa akifanya tokea hapo (Danieli 6:10). Hayo maneno ya mwisho ndo ya msingi, hakuanza kuomba kwa sababu ya simba.

Asubuhi robo saa inatosha kwa kuanzia. Tumia Sala ya Bwana kama njia, unasema "jina lako litukuzwe" unasimama hapo unamshukuru, "ufalme wako uje" unaombea mtaa wako, serikali, kanisa, "riziki yetu" unataja kodi ya nyumba kwa jina na kiasi, "utusamehe" unataja kilichotokea jana, "usitutie majaribuni" unataja mtu au mahali unapojijua. Mchana dakika moja tu kabla ya kula. Usiku kabla ya kulala pitia siku yako kuanzia asubuhi, wapi ulimwona Mungu, wapi ulimkosea, omba msamaha, lala. Wenye familia fanyeni sala ya jioni fupi, nimesema fupi, watoto wanaosinzia kwenye maombi ya saa nzima wakikua wanakumbuka usingizi tu.

Hatua ya nane: upendano wa ndugu, halafu upendo

Huwezi peke yako. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walisisitiza jumuiya ndogondogo za nyumba kwa nyumba, na Walutheri na wengine nao wana za kwao, sababu ni kwamba kanisani watu mia tano hakuna anayejua hujala. Nenda jumuiya ya mtaani kwako hata kama wanaanza wamechelewa na yule mama mmoja anaomba mpaka uji unapoa.

Zaidi ya jumuiya tafuta mtu mmoja, jinsia yako, amekuzidi umri kwenye wokovu, muonane kila wiki. Yakobo 5:16 inasema ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. Mpe ruhusa akuulize waziwazi, umeangalia nini kwenye simu wiki hii, umelipa deni, umeongea na mkeo kwa adabu. Kama anajibu kila kitu kwa "tuombe tu mpendwa" mtafute mwingine.

Petro anaweka upendo baada ya upendano wa ndugu kwa sababu huo wa mwisho unatoka nje ya uzio wa kanisa. Jirani Mwislamu akikuletea pilau ya Idi ipokee kwa mikono miwili na Krismasi urudishe sahani ikiwa na kitu. Msibani kwa yule mlieacha kusalimiana naye, nenda siku ya kwanza, beba maji, osha masufuria, usisubiri siku ya kuzika ukakae viti vya mbele. Mke au mume wako asiyeamini usimuhubirie kila jioni, 1 Petro 3:1 inasema waume wasioamini wanaweza kuvutwa pasipo lile neno, kwa mwenendo wa wake zao, kwa hiyo pika, tunza, rudi mapema, na nyamaza.

Ukianguka

Utaanguka mahali fulani, wengine wiki hii hii. Usikae mwezi mzima ukijificha hadi ujisikie unafaa. Siku hiyo hiyo tubu, 1 Yohana 1:9, mpigie yule mtu wako mmoja kabla hujalala, kama kuna aliyeumia nenda kwake kwa namna ile ya hatua ya pili. Jumapili ingia kanisani kama kawaida, kaa kiti chako cha siku zote. Kesho yake asubuhi endelea na Mithali ya tarehe hiyo.